Vidole vya Jumatatu

Mimi nilikuwa mkandaji. Sikusomea, na hata shule yenyewe niliishia darasa la tatu, kwa hivyo haya ninayoandika myasome polepole, kuna mahali nitapotea halafu nirudi. Mikono yangu ndiyo ilikuwa imesoma. Nyanya yangu, huko magharibi tulikotoka, alinifundisha kwa kunifunga macho na leso na kuniweka mbele ya mguu wa mtu aliyeteguka. Haniambii kitu. Ananyamaza tu, mpaka vidole vyangu vifike mahali penyewe na yule mtu aseme aah, halafu nyanya anasema, umeona? Na kweli nilikuwa nimeona. Ndani ya nyama kuna mabonde na vijito na mahali pa mawe, na mtu akitulia anaweza kutembea huko siku nzima bila kufungua macho.

Tulihamia Kitengela miaka ya tisini ikianza, mzee wangu alipopata kazi kiwanda cha saruji. Nyumba zilikuwa chache, upepo ndio ulikuwa mwingi. Asubuhi unafungua mlango unakuta nyumbu wamesimama kati ya ploti yako na ya jirani, wametulia kama watu wanaongoja ofisi ifunguliwe. Ukungu umewakata miguu, unaona migongo tu inaelea. Nilikuwa nasimama na kikombe nikiwaangalia mpaka chai inapoa, na chai yangu naipenda moto. Mpaka leo mtu akitaja Kitengela sioni maghorofa, naona ile migongo.

Watu walinijua haraka. Wachezaji mpira, wafanyakazi wa kiwanda wenye migongo inayouma, wachungaji waliopigwa teke na ng'ombe. Kulikuwa na kijana mmoja mchezaji ambaye nikimbonyeza anapiga mluzi badala ya kulia, wimbo mzima, na wenzake wanacheka nje. Wote walirudi uwanjani. Nasema hii nisionekane kwamba nilikuwa naharibu watu. Sikuwa naharibu watu. Ndiyo maana nilikawia kujua.

Sasa niseme habari ya binti yangu, maana ndiyo nimekaa kuandika.

Alikuwa taipisti kwenye ofisi za serikali pale Kajiado. Alipanga chumba huko, Ijumaa jioni anakuja kwangu, Jumatatu asubuhi anarudi. Alikuwa anataipu bila kuangalia mikono, macho yakiwa kwa karatasi, vidole vinaenda vyenyewe, na mimi nikawa najisifu kwamba vidole hivyo vimetoka kwangu. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, vidole vikaanza kufura. Si kimoja. Vya mkono huu na vya mkono ule, sawasawa, kama mapacha. Halafu vifundo vya mikono. Asubuhi anaamka havikunji, hawezi kufunga kifungo cha blauzi, hawezi kushika mswaki.

Na wakati huo serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Kila ofisi ilikuwa inangoja orodha. Mkubwa wake, mtu mzuri tu, alimwita akamwambia, "Dada, barua zako siku hizi ziko na makosa, na zinachelewa. Nakupa miezi mitatu. Mikono ikirudi, nitaandika ripoti nzuri. Isiporudi, mimi sitadanganya." Binti yangu hakuwa na mume, alikuwa na hiyo kazi. Aliipenda vile wengine wanapenda kanisa.

Basi nikasema, si niko hapa?

Kila Jumamosi, kukishakucha, namkalisha kwenye kiti cha jikoni. Maji moto na chumvi, mafuta, halafu nafanya kazi. Kidole kimoja kimoja, kutoka kucha mpaka kifundo, nikisukuma ule uvimbe urudi ulikotoka. Ukiwa mgumu nabonyeza kwa nguvu zaidi. Jioni narudia. Jumapili baada ya kanisa narudia tena. Yeye anauma leso na kuangalia dirishani. Na sikilizeni vile nilidanganyika: nikianza saa moja mikono ni migumu kama mti, ikifika saa tatu inafunguka. Naiona ikifunguka ndani ya mikono yangu. Anakunja, anakunjua, nami namwambia, "Umeona?" Anasema, "Nimeona, Mama." Nilikuwa nasikia raha ambayo siwezi kuandika.

Jumatatu anarudi Kajiado, na jioni anapiga simu kwa kibanda cha jirani kusema amefika. Sauti imekauka. Nikawa nasema ni baridi ya kile chumba chake, ni maji ya huko, ni ile mashine ya zamani yenye vitufe vizito. Nilimpa blanketi. Nilimpa nyingine.

Mwezi wa kwanza wa ile mitatu ukaisha hivyo. Akaniambia anataka kwenda hospitali, na mimi nikakasirika kidogo. Niseme ukweli. Nikakasirika kama mpishi akiona mtoto wake anakwenda kula kwa jirani. Lakini nikasema twende wote.

Tukaenda siku ya wiki, huko huko Kajiado. Daktari alikuwa kijana wa kutoka mkoa wa Kati, mwembamba, miwani imefungwa na waya upande mmoja. Alishika mikono ya binti yangu vile mtu anashika mayai ya kuazima. Hakubonyeza. Nikafikiri, huyu hajui kazi.

"Asubuhi mikono inafunguka saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu hivi."

"Ukikandwa ama usipokandwa?"

Binti yangu akaniangalia kidogo, akaangalia chini. "Yote sawa. Hata huku, nikiwa peke yangu, ni saa tatu."

Mimi nikasikia hilo lakini nikaliacha lipite.

"Siku gani ni mbaya kabisa?"

"Jumatatu."

"Na siku nzuri?"

"Alhamisi. Ijumaa pia."

"Jumamosi na Jumapili unafanya nini? Unafua? Unalima?"

Binti yangu akaanza kukunja pindo la sketi na kile kidole kimoja kilichokuwa kinakunjika.

"Kwangu hashiki hata kijiko," nikasema mimi. "Mimi ndiye namkanda."

"Unamkanda vipi, mama?"

"Vizuri."

Akatabasamu, akaninyooshea mkono wake mwenyewe mezani. "Hebu nionyeshe. Vile vile. Usinihurumie."

Sikumhurumia. Nilimshika kifundo nikaingia na dole gumba. Miwani ikashuka puani.

"Mama," akasema akivuta mkono, "wewe wangekuandika polisi, watu wangesema hata yale hawajafanya."

Binti yangu akacheka, mara ya kwanza tangu tufike. Yule kijana akanyoosha mkono wake, mahali nilipobonyeza pamekuwa pekundu na joto.

"Sasa angalia hapa. Nani ameambia damu ije?"

"Mimi."

"Wewe uko nje. Damu haikujui."

Akachukua kadi ya hospitali, akageuza nyuma, akachora vimduara vingi vimebanana, kama vibanda vya soko ukiviona kutoka kilimani. Akasema nyama yetu ni hivyo, vyumba vidogo vidogo, na kila chumba kina katikati yake mahali pa kuweka nyuzi za uzazi, zile zinasema mtu awe mrefu ama mfupi. Na kuna kitu kinachokaa hapo katikati, kazi yake kushika zile nyuzi zisitawanyike. Hakina makosa. Kazi yake ni ya ndani, siku zote.

"Ni kitu gani?"

"Ni protini."

"Kama ya maharagwe?"

"Ziko nyingi, mama. Hii mwili unajitengenezea. Sasa chumba kikivunjwa, labda na kipigo, labda na moto, labda na dole gumba lako, hiki kitu kinamwagika nje. Na nje hakijawahi kuwa na kazi. Kwa hivyo walinzi wa mwili wakikiona nje, wanajua bila kuambiwa kwamba kuna hatari. Wanakuja. Wanaleta damu, maji, joto. Ndiyo uvimbe huo."

Niliona kitu kingine kabisa. Kitengela tulikuwa na siku za watu kuvunjiwa nyumba, kesi za mashamba, trekta linakuja. Hata kama hukusikia trekta, unatoka dukani unaona kitanda cha mtu barabarani. Kitanda tu, na godoro, jua linakipiga. Hakuna mtu anauliza kitanda kina nini. Kila mtu anajua.

"Ni kama kitanda," nikasema. "Kitanda nje."

Akaweka kalamu chini. "Ndiyo. Ni kitanda nje. Nimesoma miaka mingi, sijasikia ikisemwa fupi hivyo."

"Na watu wakikuja mbio wanakanyaga ua wa jirani."

"Wanakanyaga. Wanavunja na nyumba ya pili, kitanda cha pili kinatoka, wanakuja wengine. Na walinzi wenyewe, wakishasisimka, wanakitoa kile kitu hata kama hawajavunjwa, wanakitupa nje makusudi kuita wenzao. Kwa mtu mzima mwenye afya, inafika mahali wanatosheka, wanatengeneza, wanaenda nyumbani. Kwa binti yako hawaendi nyumbani."

"Na chumba kikifa chenyewe, kwa uzee?"

Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Labda nilikuwa nafikiria mzee wangu, alikuwa ameanza kukohoa. Daktari akasema vyumba vinakufa kila siku kwa mpango, maelfu, na vikifa hivyo vinakifunga kile kitu ndani, vinakunjwa taratibu, hakuna anayeitwa. Nikaona mlango ukifungwa na kitanda kimebaki ndani kimetandikwa. Nilitulia pale kama mtu amewekewa kitambaa cha maji kwa paji la uso. Hata nikasahau kwa muda tumekuja kufanya nini.

Halafu nikakumbuka.

"Kwa hivyo ni mimi nimemharibu."

"Hapana. Ugonjwa haukutoka kwako. Walinzi wake walianza wenyewe kupigana na nyumba zao, na kwa nini, hatujui vizuri. Lakini kila Jumamosi unawatolea vitanda barabarani."

"Na wachezaji wangu? Mbona walipona?"

"Mguu uliteguka mara moja, mwili ukaita mafundi, ukamaliza. Kile kitu kinaita mafundi pia, si adui. Kikiita mara moja ni vizuri. Kikiita mwaka mzima mtu anaungua ndani."

Nikamwuliza kama kuna dawa ya kukinyamazisha chenyewe. Akasema bado, watu wanatafuta huko mbali, hata kukipima hapa hawawezi, yeye amekisoma tu kwenye karatasi. Lakini dawa ya kutuliza walinzi iko. Vidonge vya kunywa siku moja tu kwa juma, si kila siku, na damu ipimwe kila mwezi maana ni vikali. Vitachukua miezi kufanya kazi. Maji vuguvugu, sawa. Kukunja vidole mwenyewe polepole, sawa. "Na mikono yako, mama," akasema, "uipatie likizo."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi nje. Jua la Kajiado lilikuwa jeupe, vumbi limesimama hewani halishuki. Upande wa pili wa barabara mbuzi walikuwa wanapelekwa sokoni, na kila mmoja alikuwa na kivuli kirefu kuliko yeye. Niliwaangalia wote wapite.

"Ulikuwa unajua?" nikamwuliza.

"Nilikuwa nadhani."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ya pili."

"Na kila Jumamosi unanipa mikono."

"Mama, na wewe ungefanya nini na Jumamosi?"

Nilimwambia tukanywe chai.

Jumamosi iliyofuata alikuja kama kawaida. Asubuhi akaketi kwenye kile kiti cha jikoni bila kufikiri, akaweka mikono mezani, imefura, na mimi nikaweka yangu chini ya aproni. Mnajua kukaa karibu na kitu ambacho mwili wako wote unasema ukishike? Vidole vyangu vilikuwa vinatembea peke yao juu ya goti langu. Nilikanda unga wa chapati ambao hakuna mtu aliyetaka. Nilimaliza, nikakanda mwingine.

Jirani yetu Mmaasai aliyekuwa analeta maziwa akapiga hodi. Mama mzima, shanga mpaka mabegani, na ulimi mkali.

"Takwenya," akaniamkia.

"Iko," nikamwitikia Kimaasai.

Akaangalia jikoni, akaangalia binti yangu, akamimina maziwa taratibu.

"Leo hamchinji?"

"Kuchinja nini?"

"Jumamosi zote mimi napita hapa nasikia mtoto mkubwa analia kwa pua. Nikasema hawa watu wa magharibi labda wana sherehe yao." Akaona sufuria ya unga wa chapati. "Leo unapiga unga. Sawa. Unga hauna mama."

Binti yangu akainamisha kichwa akicheka. Mimi nilitaka kukasirika nikashindwa. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unamsikia, na mimi niliyemshika ndiye sikusikia.

Mchana nililala kidogo nikiwa nimekaa, yeye ameketi kando yangu kwenye mkeka. Nikaota niko ndani ya mkono wake. Ulikuwa uwanda, nyasi fupi za kiangazi, na joto linapanda kutoka chini. Kila mahali vitanda, vimetandikwa vizuri, hakuna nyumba. Mbali kidogo nyumbu wamesimama wakiniangalia, hawakimbii, hawali. Nilijua nikiinua mguu tu wataanza kukimbia na wote watakuja upande huu. Kwa hivyo sikuinua. Nilisimama tu, upepo ukipita shukani, na jua likazunguka upande wa pili, na mmoja akainama akaanza kula. Nilipoamka shingo ilikuwa inaniuma na binti yangu alikuwa ameweka mkono wake juu ya wangu. Ulikuwa na joto kama chapati iliyotoka kwa moto. Niliuacha ukae hapo. Sikukunja hata kidole.

Jumatatu ile aliponipigia simu, sauti ilikuwa imechoka tu, si kukauka. Jumatatu ya pili, hivyo hivyo. Nilikuwa nazihesabu. Siwezi kusema ni mimi kuacha ama ni vidonge kuanza, daktari mwenyewe alisema hawezi kugawanya. Wateja walikuja, wengine niliwakanda, lakini sasa nilikuwa naanza kwa kuweka tu kiganja na kungoja. Kukiwa na joto ambalo halina sababu, namwambia mtu aende hospitali. Kuna mmoja alisema nimezeeka.

Ile miezi mitatu ikaisha siku ya Jumatano. Sikumwambia nakwenda. Nilifika Kajiado mapema na chupa ya chai na mkate kwenye kiondo, nikakaa chini ya dirisha la ofisi yao, kwenye ukingo wa saruji, nikijifanya mtu anayengoja kitambulisho. Wengine wengi walikuwa wanangoja hivyo kweli, hakuna aliyeniuliza.

Mashine zilianza. Kulikuwa na tatu mle ndani na sikujua ipi ni yake. Mbili zilikuwa mbio. Moja ilikuwa inaenda polepole, inasimama, inaenda. Nikajua. Ikisimama, nami pumzi yangu inasimama. Mara moja ilisimama muda mrefu, hata mtu mmoja akaita jina la mtu mwingine kwenye foleni na huyo mtu akaenda na kurudi, na bado kimya. Mikono yangu ikashika kiondo. Halafu ikaanza tena, herufi moja, moja, moja, halafu mbili pamoja.

Saa saba alitoka, akanikuta. Hakushangaa.

"Nimemaliza kurasa mbili," akasema, akiketi.

"Makosa?"

"Moja. Nimelifuta."

"Na mkubwa amesema nini?"

"Amesoma yote akiwa amesimama. Halafu akasema mchana nimletee ripoti moja ndefu, ataniweka mahali nisiharakishwe." Akapumua. "Amesema ataandika ile ripoti nzuri aliyoahidi. Ameniambia nisimfanye ajute."

Vidole viwili vya mkono wa kulia havijawahi kunyooka mpaka leo, vimeinama upande mmoja kama nyasi baada ya upepo. Vingine vilirudi. Lakini siku hiyo bado hatukujua hivyo. Siku hiyo alichukua chupa ya chai kutoka kwa kiondo, akashika kifuniko. Kilikuwa kigumu, mimi ndiye nilikuwa nimekifunga, na mnajua mikono yangu. Akazungusha, kikateleza. Akakishika na pindo la sketi, akazungusha tena. Mimi nikaangalia barabarani, ambako hakukuwa na kitu, na nikaendelea kuangalia mpaka niliposikia chai ikimiminwa.